Protini ya p16 katika Kubashiri Matokeo ya Saratani ya Koo: Thamani na Mipaka Yake

Makala hii inafafanua nafasi ya protini ya p16 katika kubashiri matokeo ya saratani ya koo, hususan ile inayoanzia nyuma ya kinywa, kwenye tezi za koo na shina la ulimi. Hoja ya msingi ni kwamba p16 haipimi kisababishi cha ugonjwa, bali athari yake. Hivyo ubashiri unaoitegemea peke yake unaweza kumpotosha tabibu.

Katika seli ya kawaida, p16 huzuia vimeng'enya CDK4 na CDK6, na kwa njia hiyo hupunguza kasi ya seli kugawanyika. Virusi vya papiloma vya binadamu (HPV), hasa aina ya 16, hutengeneza protini E7 ambayo huiharibu protini pRb. Kwa kuwa pRb ndiyo inayodhibiti utengenezaji wa p16, kuharibiwa kwake huifanya p16 irundikane. Kinyume chake, saratani zitokanazo na tumbaku na pombe mara nyingi huwa zimepoteza protini hiyo.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Kipande cha uvimbe huwekewa kingamwili inayoitambua p16, kisha rangi huchunguzwa kwa hadubini. Uvimbe huhesabiwa kuwa chanya iwapo angalau 70% ya seli zake zina rangi ya wastani au kali katika kiini na saitoplazimu.

Thamani ya ubashiri huo imethibitishwa. Utafiti wa Ang na wenzake wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa baada ya miaka 3, wagonjwa 82.4% wenye uvimbe wa HPV walikuwa hai, ikilinganishwa na 57.1% ya wasio na virusi hivyo. Kwa sababu hiyo, toleo la nane la mfumo wa TNM, lililoanza kutumika Marekani mwaka 2018, liliwapangia wagonjwa wenye p16 chanya hatua zao za pekee.

Hata hivyo, p16 na HPV havilingani daima. Mwaka 2023, Mehanna na wenzake walichambua taarifa za wagonjwa 7,654 na kubaini kuwa majibu ya vipimo hivyo viwili yalipingana kwa 9.2%. Waliokuwa chanya kwa vyote viwili, 81.1% walikuwa hai baada ya miaka 5. Waliokuwa na p16 chanya bila HPV walikuwa 54.7% tu, na waliokuwa hasi kwa vyote, 40.4%.

Tofauti hiyo ina uzito katika uamuzi wa tiba. Mgonjwa anayedhaniwa kuwa na ubashiri mzuri huweza kupendekezewa tiba nafuu zaidi. Majaribio ya RTOG 1016 na De-ESCALaTE HPV yalionyesha kuwa kuibadilisha sisplatini kwa setuksimabu kulipunguza uhai hata miongoni mwa wagonjwa wa kundi hilo. Sembuse yule aliyewekwa humo kimakosa.

Aidha, pale ambapo saratani za HPV ni chache, sehemu kubwa zaidi ya majibu chanya ya p16 hutoka kwenye uvimbe usio na virusi. Kwa hiyo, p16 yafaa itumike kama kipimo cha kwanza, kisha jibu chanya lithibitishwe kwa kupima DNA au RNA ya virusi kabla ya tiba kupunguzwa.