Tundu Lisilotoa Tone

Jana yake lori lilikuwa limepanda Mlima Kitonga na shehena ya mbolea bila kusumbua. Likalala Makambako. Alfajiri stata inazungusha injini kwa nguvu zote, na injini haiwaki. Betri nzima, tangi lina dizeli zaidi ya nusu. Tajiri, mwenye lori, alishatoa hukumu kwa simu kutoka Dar es Salaam: pampu ya dizeli imekufa, ing'olewe.

Fundi aliyeitwa hakugusa spana. Alihakikisha mkono wa kuzimia injini haujakwama, akaenda kusimama kwenye ekzosi. "Piga stata, dereva." Akatazama, akanusa. "Moshi hakuna. Hata harufu hakuna."

Injini ya dizeli haina plagi. Hewa hubanwa mpaka joto lake linapita nyuzi 500, dizeli ikirashiwa humo inawaka yenyewe. Injini ikizunguka bila kuwaka, mara nyingi imekosa dizeli au imekosa joto. "Ukiona moshi mweupe, dizeli inafika ila haiungui," alisema. "Hapo tafuta baridi, stata nzito, kompresheni iliyochoka, taimingi. Usipoona moshi, rudi nyuma, fuata dizeli ilikopotelea."

Akatoa kwenye boksi kipande cha mpira wa levo, ule mwangavu ambao waashi hujaza maji kupimia usawa wa msingi. Aliufunga kwa klipu kati ya filta na pampu, akaanza kusukuma pampu ya mkono taratibu. Dizeli ilipita ya manjano, safi, kisha vikaja viputo: kimoja, viwili, halafu msururu. Vilinata kwenye ukuta wa juu wa mpira, vikaungana, vikawa nafasi moja ndefu tupu na dizeli ikijikokota chini yake. Nimeandika habari za barabara hii ya Dar es Salaam hadi Tunduma kwa muda mrefu na kusikia madereva wakisema gari limevuta upepo. Kuuona huo upepo ukitembea mbele ya macho yangu lilikuwa jambo jingine kabisa.

"Sasa tuulize unaingilia wapi." Akahamisha mpira nyuma, kwenye bomba linalotoka tangini kuingia sedimenta, kikombe kinachotenga maji na uchafu kwenye dizeli. Hakuna kiputo hata kimoja. Akauhamishia upande wa kutokea sedimenta. Viputo vikarudi. Basi tatizo limebaki kwenye eneo la kiganja cha mkono, na eneo lenyewe lilikuwa kavu, lina vumbi, bila tone la dizeli.

Ukavu huo ndio uliokuwa ukinikera. Kitu kinachovuja kinalowanisha. Fundi alinijibu akiendelea na kazi: "Kutoka tangini mpaka hapa dizeli inavutwa, haisukumwi. Mrija wa soda wenye ufa haumwagi soda, unakuvutia hewa. Tundu linaloingiza upepo halitoi tone." Gari likitembea, pampu humudu upepo kidogo. Likilala, hewa hupenya polepole na dizeli hurudi tangini. Asubuhi pampu inakuta bomba tupu.

Alifungua boliti ya sedimenta, akatoa washa ya shaba. Usoni mwa washa palikuwa na mchubuko mwembamba ambao niliuona pale tu alipoielekeza kwenye jua. Filta ilipobadilishwa karibuni, sedimenta nayo ilifunguliwa, washa ya zamani ikarudishwa. Shaba iliyokwisha kubanwa hukakamaa, haizibi tena vizuri. Mpya haikuwepo. Akaichoma mpaka ikaiva nyekundu, akaitumbukiza majini ikalainika, akaisugua kwa msasa juu ya kioo, akairudisha.

Kutoa upepo hakukuchukua muda. Alisukuma pampu ya mkono mpaka mpira ukabaki bila kiputo, akalegeza nati za mabomba ya nozeli kwa spana namba 17, stata ikapigwa mpaka kila moja ikatema dizeli, akakaza. Injini ikawaka. Malori mapya yenye mfumo wa komoni reli (common rail) hayataki mchezo huo: presha humo hupita bar 1,000, na mruko wake hupenya ngozi ukaingiza dizeli mwilini. "Vijana bado wanalegeza," alisema fundi. "Nani anawafundisha? Mimi mwenyewe kompyuta ya kuyapima sina."

Likabaki suala la malipo. Tajiri, aliyekuwa tayari kununua pampu, aliposikia ni washa moja tena ya zamani, akauliza kwenye spika ya simu analipia nini hasa.

"Ningemng'olea pampu angelipa bila swali," fundi aliniambia, akifuta mikono kwa kitambaa. Aliyejazia pengo la malipo ni dereva, kutoka kwenye posho yake, ili aendelee na safari ya Tunduma. Kwa nini kazi iliyomwokolea tajiri pampu nzima imaliziwe na posho ya dereva? Niliwauliza fundi na dereva. Dereva alisema yeye anawahi foleni ya mpakani.