Neno "Kipimo" na Mwale Mwembamba wa Mionzi

Neno kipimo lina maana tatu: chombo cha kupimia, namba isomwayo katika chombo hicho, na kadiri ya kitu chenyewe kilichopimwa. Sokoni maana hizi zikichanganyika hapana madhara. Katika kazi ya mionzi ni lazima zitengwe, maana namba na kadiri zaweza kutofautiana sana.

Tutazame chemba ya ayoni, yaani chombo chenye nafasi ndogo ya hewa ndani yake. Mionzi ikipita katika hewa hiyo huzalisha chembe zenye umeme, na umeme huo ukikusanywa ndio utoao namba. Chombo husawazishwa kikiwa kimezama chote katika mionzi. Kwa hiyo hufanya kazi kana kwamba hewa yake yote imepigwa sawasawa. Mwale ukiwa mwembamba kuliko chemba, hupiga sehemu tu ya hewa, lakini umeme wake huhesabiwa kama wa chemba nzima. Ndivyo yalivyo maji yaliyojaza kikombe: yakimiminwa katika beseni, kina chake huwa kidogo, ingawa maji ni yale yale.

Kusahihisha si kazi ngumu. Kwanza hutolewa mionzi ya asili ya mahali hapo; kisha namba iliyobaki huzidishwa kwa eneo la uso wa chemba na kugawanywa kwa eneo la mwale. Tuseme uso wa chemba ni sentimita 20 za mraba, mwale ni sentimita 2 za mraba, na namba iliyobaki ni maikrosiveti 3 kwa saa. Kadiri ya wastani ndani ya mwale ni maikrosiveti 30 kwa saa. Sharti lake ni kwamba mwale wote uingie katika chemba na kuivuka mpaka upande wa pili.

Mwale wa namna hiyo waweza kupenya katika ufa wa ukuta wa chumba cha eksirei. Mtumishi aambiwaye kwamba "kipimo ni 3" hana njia ya kujua kuwa ameambiwa namba tu, wala si kadiri. Naye huenda akasimama hapo kila siku bila hofu. Kwa hiyo yafaa maagizo ya kazi hii yaseme kipimio kwa chombo, namba ya kipimio kwa kinachosomwa, na kadiri ya mionzi kwa kilichopatikana baada ya kusahihisha. Neno kipimo peke yake liachwe.