Kwa nini 'mtu wetu' hutangulia?

TUSEME unatafuta nyumba ya kupanga mtaani Pioneer, Eldoret. Chumba umekiona, kodi umeridhika nayo, na pesa za mwezi wa kwanza ziko mfukoni. Mwenye ploti anakuuliza jina. Unamtajia la ubatizo. Bado anangoja, kwani analotaka hasa ni la pili.

Mwenye kuuliza hivyo huenda asijihesabu kuwa mbaguzi hata kidogo. Ukimwambia kuwa anachukia kabila fulani atakana, na pengine atakuwa anasema kweli. Wataalamu wa saikolojia wanasema ubaguzi mwingi hauanzi na chuki bali huanza na kumpendelea wa kwetu.

Aliyelionyesha jambo hili waziwazi ni Henri Tajfel, Myahudi mzaliwa wa Poland ambaye jamaa zake waliangamizwa wakati wa Hitler. Mwaka wa 1970, akiwa Bristol, Uingereza, alichapisha matokeo ya majaribio aliyowafanyia wavulana wa shule wa umri wa miaka 14 na 15. Waliambiwa kuwa wamegawanywa kulingana na mchoraji ambaye kila mmoja alipenda picha zake. Kumbe waligawanywa kiholela tu! Kisha kila mvulana alitakiwa awagawie wengine pesa kidogo, bila kujua majina yao na bila yeye mwenyewe kupata chochote. Wengi waliwapendelea wa kundi lao. La kushangaza zaidi, mara nyingi walikubali kundi lao lipate pungufu, mradi lile jingine lizidi kuachwa nyuma.

Ikiwa picha tu zaweza kuleta hayo, sembuse Eldoret ambako kabila huambatana na mashamba, kura na makaburi? Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini. Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa, si mbali na mji huu, liliteketezwa likiwa na watu waliokimbilia humo.

Baada ya hayo ikaja Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, isemayo kuwa shirika la umma lisiwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 nayo inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia kazini ziwaendee watu wasio wa jamii kubwa katika kaunti.

Kwa mdomo, ni nani anayekataa usawa? Lakini Septemba 2016, Profesa Laban Ayiro alipoteuliwa kaimu naibu chansela wa Chuo Kikuu cha Moi, viongozi wa eneo hili, akiwemo Jackson Mandago aliyekuwa gavana wa Uasin Gishu, waliongoza maandamano wakitaka kiti hicho kipewe mtu wa jamii ya hapa. Wala wasicheke wa kaunti nyingine, kwani jamii inayolalamika Nairobi kuwa imeachwa nje huweza kuwa ndiyo inayofunga mlango kwake nyumbani. Mtu huziona kazi za karibu naye kuwa mali yake, na sheria ya kuzigawa humwia kama wizi.

Haimaanishi kuwa kila anayepinga ana roho mbaya. Kijana aliyekaa miaka mingi bila kibarua ana haki ya kuuliza mbona sheria inahesabu makabila na haihesabu umaskini.

Je, tabia hii yaweza kupunguzwa bila kuhubiriana? Mtafiti Jonas Hjort alichunguza shamba moja kubwa la maua hapa Kenya. Mfanyakazi mmoja aliwapelekea waridi wenzake wawili wa kufungasha, naye alilipwa kulingana na kazi yao. Hata hivyo alimpunguzia maua asiye wa kabila lake, ingawa mshahara wake mwenyewe ulishuka. Baada ya ghasia za 2008 hali ilizidi kuwa mbaya. Ndipo wenye shamba wakaanza kuwalipa wale wafungashaji wawili kwa jumla ya kazi yao, badala ya kila mmoja kivyake. Upendeleo kati ya wawili hao ukatoweka. Hakuna aliyekuwa amebadilishwa moyo. Ni hesabu ya mshahara tu iliyobadilika. Lakini pale ambapo wafungashaji wote wawili walikuwa wa kabila jingine, ubaguzi uliendelea.

Na huyo anayebaguliwa, mwili wake je? Nchini Marekani, Nancy Krieger na Stephen Sidney waliwachunguza vijana wapatao 4,000, weusi na weupe, na kuchapisha matokeo mwaka wa 1996. Miongoni mwa weusi wa tabaka la wafanyakazi, waliosema kuwa wakionewa hunyamaza na kukubali walipatikana na shinikizo la damu la juu kuliko waliosema hujitetea. Utafiti huo hauthibitishi kuwa kimya chenyewe ndicho kilichopandisha presha, lakini umewafanya madaktari wengi kulitazama suala hili kwa makini.

Kwa hivyo ukirudishwa mlangoni kwa sababu ya jina, usilibebe peke yako. Mweleze mtu unayemwamini. Kama ni kazi ya umma, peleka malalamiko kwa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Na ukipita karibu na zahanati, ingia upimwe presha, kwani haina dalili mpaka imeshakudhuru.