Maana ya Neno "Prevent" Katika Biblia ya Kiingereza ya 1611

Mhubiri atumiaye Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, iliyotolewa mwaka 1611, hana budi kulichunguza neno moja kabla ya kuhubiri msibani. Katika 1 Wathesalonike 4:15, Biblia hiyo yasema kwamba sisi tutakaokuwa hai wakati wa kuja kwake Bwana hatutawa-"prevent" waliolala. Katika Kiingereza cha leo neno hilo ni kuzuia. Je, Mtume Paulo alitaka kusema kwamba walio hai hawatawazuia wafu wasifufuke?

Sivyo. Asili ya neno hili ni Kilatini, "praevenire", yaani kuja mbele. Wafasiri wa 1611 walilitumia kwa maana ya kutangulia. Katika Zaburi 119:147 mwenye kuomba hakuyazuia mapambazuko. Aliyatangulia kwa kuamka na kumlilia Mungu. Vivyo hivyo katika Mathayo 17:25, Yesu hakumzuia Petro nyumbani, bali alitangulia kusema naye juu ya kodi kabla Petro hajafungua kinywa.

Kitenzi cha Kigiriki alichotumia Paulo, "phthanō", kina maana hiyohiyo hapa. Ndiyo sababu wasahihishaji wa Agano Jipya la Kiingereza walilibadili neno hilo mwaka 1881, na Biblia ya Kiswahili ya Union Version husema "kutangulia".

Tofauti hii si ya kamusi tu. Wathesalonike walihuzunika kwa ajili ya wenzao waliokufa, kana kwamba wangeachwa nyuma siku ya Bwana. Paulo awajibu kwamba walio hai hawatakuwa na nafasi ya mbele: waliokufa katika Kristo watafufuliwa kwanza, kisha wote pamoja watamlaki Bwana. Mama aliyemzika mwanawe haulizi kama kuna mtu atakayemzuia mtoto wake. Auliza kama mtoto ameachwa. Mhubiri akilikosea neno, amjibu swali asiloliuliza, na faraja ya Mtume haimfikii.

Neno gumu hutupeleka kwenye kamusi. Neno tunalodhani twalijua ndilo hutupitisha bila kuuliza. Basi, kabla ya kusimama kaburini, na tulilinganishe andiko na Kigiriki, au walau na tafsiri ya pili.