Siri ya kutenganisha madini adimu ya Mrima

KILIMA cha Mrima, kilichoko magharibi mwa Msambweni katika Kaunti ya Kwale, kimevuma kwa mabilioni ya dola yanayosemekana kulala chini yake. Lisilosemwa sana ni jinsi madini hayo yanavyotenganishwa, ilhali hapo ndipo penye utajiri wenyewe.

Mnamo 2013 kampuni ya Cortec, iliyokuwa na leseni ya kuchimba huko, ilikadiria kwamba niobiamu na madini adimu ya Mrima yalikuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 62. Mwaka uo huo serikali ilifuta leseni hiyo. Mnamo 2018 jopo la usuluhishi lililo chini ya Benki ya Dunia likatupilia mbali madai ya fidia, na kilima kikabaki na msitu wake, ambao ni kaya ya Wadigo.

Madini adimu ni kundi la elementi 17. Miongoni mwazo ni neodimiamu na praseodimiamu, zinazotumika kuunda sumaku kali za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Elementi hizi hukaa pamoja katika jiwe moja, na tabia zake zinafanana mno.

Wakazi wa Kwale wanakumbuka kazi ya kampuni ya Base Titanium, iliyochimba mchanga wenye titaniamu hadi Desemba 2024. Chembe za mchanga ule zilitenganishwa kwa kutumia uzito, sumaku na umeme, kisha zikasafirishwa kupitia Likoni. Madini adimu hayakubali njia hiyo pekee, kwa kuwa yamechanganyika hadi kiwango cha atomi. Hapo sharti kemia itumike.

Ili kuelewa kemia hiyo, tuanze na sabuni. Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Kemikali za aina hii huitwa safaktanti. Tunapoosha sufuria, molekuli hizo hujikusanya majini na kufanya tufe dogo, mikia ikiwa ndani pamoja na mafuta, vichwa vikiwa nje. Tufe hilo huitwa miseli, na ndilo linalobeba mafuta hadi yakamwagwa pamoja na maji.

Safaktanti ikitiwa ndani ya kiyeyushi kama mafuta ya taa, mpangilio hugeuka. Vichwa vinayakimbia mafuta na kukutana katikati, nayo mikia inaelekea nje. Hii ndiyo miseli ya kinyume. Upana wake ni nanomita chache tu, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Katikati yake pana nafasi ndogo inayoweza kuhifadhi maji kidogo na chembe za metali, ambazo peke yake haziwezi kuyeyuka katika mafuta.

Kiwandani, mawe husagwa na kuyeyushwa kwa asidi. Maji hayo ya asidi huchanganywa na mafuta ya taa yenye safaktanti maalumu, kisha huachwa yatulie. Mafuta yanapopanda juu, huwa yamebeba baadhi ya metali ndani ya miseli. Asidi kali zaidi hutumiwa baadaye kuzitoa.

Kwa kuwa elementi zenye ujirani hutofautiana kidogo tu kwa ukubwa, safaktanti huipendelea moja kuliko nyingine kwa kiasi kidogo. Ndiyo maana kazi hiyo hurudiwa tena na tena, pengine katika matangi mamia kadhaa.

Miseli nazo zina kikomo. Zikibebeshwa metali kupita kiasi huanza kuvutana, na mafuta yakagawanyika mara mbili. Hapo hutokea tabaka la tatu, zito na lililosheheni metali, ambalo huvuruga mitambo. Fauka ya hayo, Mrima una thoriamu, elementi yenye mnururisho. Safaktanti huweza kuinasa hiyo pia, kwa hivyo ni lazima itengwe na kuhifadhiwa salama, mbali na visima na mashamba ya watu.

Ujuzi huu ndio unaoipa China nguvu. Karibu asilimia 90 ya usafishaji wa madini adimu duniani hufanyika huko, na mnamo Aprili 2025 nchi hiyo iliweka masharti ya kuuza nje baadhi yake.

Kwa Kwale, hili ni suala la riziki. Sheria ya Madini ya 2016 inaipa serikali kuu asilimia 70 ya mrabaha, kaunti asilimia 20, na jamii ya eneo la machimbo asilimia 10. Mrabaha hutozwa kulingana na thamani ya kinachouzwa. Kikiuzwa kikiwa ghafi, fungu la kila mmoja hupungua.

Kwa hivyo, siku mwekezaji mwingine atakapobisha hodi Mrima, wakazi hawana budi kumuuliza mambo mawili: madini yatatenganishiwa wapi, na thoriamu itazikwa wapi?