Mgodi Ukitangazwa: Mimea na Wanyama Walio Hatarini Huhesabiwaje?

Mkazi wa Kisumu Ndogo, Kibera, haoni mgodi akifungua mlango wake asubuhi. Anachoona ni lori la kokoto au la mchanga likitafuta njia, mzigo wenyewe ukiwa umechimbwa kaunti nyingine. Hata hivyo wengi wa wakazi hao wana shamba ushago, na kwa walio na shamba Migori, Siaya au Kakamega, habari za dhahabu si ngeni. Tangazo la mgodi linaweza kubandikwa kwa chifu kule nyumbani wakati mwenye shamba yuko Nairobi kazini.

Katika baraza la namna hiyo, swali la kwanza huwa ni fidia, na ni swali la haki. Swali linalosahaulika ni hili: je, pale panapotaka kuchimbwa kuna mti, chura au ndege ambaye hayuko kwingine?

Sheria inataka lijibiwe kabla ya jembe la kwanza kuingia ardhini. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 pamoja na kanuni zake za 2003 zinaweka uchimbaji wa madini na wa mawe katika orodha ya miradi inayopaswa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira. Kampuni haipewi kibali na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, bila ripoti hiyo.

Kisa cha Mlima Mrima, Kaunti ya Kwale, kinaonyesha uzito wa jambo hili. Mrima una niobiamu na madini adimu yanayotafutwa sana na viwanda vya vifaa vya elektroniki. Juu ya madini hayo kuna msitu wa hifadhi, ambao pia ni kaya ya Wadigo. Machi 2013 kampuni moja ilipewa leseni ya kuchimba, na Agosti mwaka huohuo leseni ikafutwa. Wawekezaji walipeleka Kenya mbele ya mahakama ya usuluhishi ya kimataifa iliyo chini ya Benki ya Dunia, wakidai fidia kubwa. Oktoba 2018 walishindwa. Wasuluhishi waliona kwamba leseni yenyewe haikupatikana kwa kufuata sheria za Kenya, zikiwemo zile za mazingira na za misitu ya hifadhi. Karatasi ya tathmini, ambayo wengine huiona kama usumbufu wa ofisini, iliiokolea nchi fedha nyingi.

Na kuna nini Mrima cha kuhifadhiwa? Mfano mmoja ni mti uitwao na wataalamu Gigasiphon macrosiphon, wenye maua makubwa meupe. Mwaka 2012 ilitolewa orodha ya spishi 100 zilizo hatarini zaidi duniani, na mti huu ulikuwemo. Ilikadiriwa kwamba iliyobaki ni 33 tu iliyokomaa, Kenya na Tanzania kwa pamoja. Kwa Kenya zilitajwa Mrima, Gongoni na Kaya Muhaka, zote Kwale. Mbegu zake huliwa na nguruwe mwitu, kwa hiyo hata pale ambapo hakuna shoka mti huu haujizalishi kwa urahisi. Gongoni nayo iko karibu na mahali palipochimbwa titani kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024. Kwa mti wa namna hii, barabara moja ya malori ikipita mahali pabaya inatosha.

Tathmini huanza mezani. Mtaalamu hukusanya kumbukumbu za zamani kuhusu eneo hilo. Nyingi ziko hapa Nairobi, katika Makavazi ya Kitaifa, ambako matawi na maua yaliyokaushwa yamehifadhiwa kwa miongo mingi, kila moja likiwa na maandishi ya mahali na tarehe lilipochumwa. Kisha huangaliwa orodha mbili: Orodha Nyekundu ya shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, iliyoanzishwa 1964, na orodha ya nchi iliyomo katika Sheria ya Wanyamapori ya 2013.

Orodha Nyekundu hupanga walio hatarini katika madaraja matatu, kwa vipimo vya namba. Spishi iliyopungua kwa asilimia 30 katika miaka 10 au vizazi vitatu, kutegemea kipi ni kirefu zaidi, inaweza kuingia daraja la chini. Asilimia 50 hupandisha la kati. Asilimia 80 la juu kabisa. Idadi ndogo nayo ni kipimo: wakibaki chini ya 50 waliokomaa, hilo ni daraja la juu. Ukubwa wa eneo wanamoishi pia hupimwa.

Kutoka mezani kazi huenda porini. Watu hutembea katika mistari iliyopimwa wakiandika kila mti na kila ndege. Kamera zinazojipiga zenyewe hufungwa kwenye miti kwa ajili ya wanyama wa usiku. Popo hunaswa kwa nyavu na kuachiliwa. Vyura huhesabiwa kwa sauti, na hapa ndipo tathmini nyingi huharibika: chura wa msimu haliii wakati wa kiangazi. Kazi iliyofanywa wiki moja ya Februari itasema hakuna chura, na itakuwa kweli kwa wiki hiyo tu. Ripoti nzuri huonyesha tarehe za kiangazi na za mvua pia.

Wazee wa mahali huulizwa, au wanapaswa kuulizwa. Anayejua mti kwa jina la nyumbani na dawa inayotoka kwake huweza kumfikisha mtaalamu kwenye mti huo kwa saa moja, kazi ambayo ingemchukua mwezi peke yake.

Wananchi hunung'unika kwamba mtaalamu hulipwa na kampuni ileile inayotaka kuchimba. Ni kweli, ndivyo utaratibu ulivyo, ingawa lazima awe amesajiliwa na NEMA. Ndiyo sababu kanuni zinadai mikutano ya wananchi isiyopungua mitatu, mabango, na matangazo ya redio na magazeti. Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira lilifuta kibali cha mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, sababu kubwa ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Asiyeridhika na uamuzi wa kutoa kibali ana siku 60 za kukata rufaa mbele ya baraza hilo.

Tangazo la ripoti huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na muda wa kutoa maoni mara nyingi ni siku 30. Mkazi wa Nairobi anaweza kuisoma ripoti bila kuinunua katika makao makuu ya NEMA, Barabara ya Popo, South C, saa za kazi. Akifika, afungue sura ya mimea na wanyama na aangalie mambo manne: tarehe za kazi ya porini, ramani ya mahali palipotembelewa, majina ya spishi zilizo hatarini, na kila moja imepangiwa nini. Kuepuka mahali ilipo huja kwanza. Kuihamisha au kupanda nyingine kwingine huja mwisho, kwa sababu mara nyingi hakufaulu. Maoni yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili na kutiwa sahihi, yakitaja jina la mradi kama lilivyo kwenye tangazo. Kama kuna mti au mnyama ambaye ripoti imemwacha, yaandikwe jina lake la nyumbani na mahali anapopatikana.