Bei ya Chupa, Bei ya Mkono

Ng'ombe aliyezaa jana ameanguka usiku. Shingo imejikunja ubavuni, masikio yamepoa. Wafugaji huuita ugonjwa huu homa ya maziwa, ingawa mwili hauchemki hata kidogo: kalsiamu imepungua kwenye damu, imekimbilia kwenye maziwa. Asipotibiwa, huenda asiione asubuhi.

Daktari mmoja wa mifugo anayezungukia wafugaji wadogo wa Kiambu, Kenya, anasema usiku kama huo huulizwa mbona anatoza zaidi ya bei ya chupa. Chupa ya kalsiamu ya mililita 400 iko kwenye rafu ya agroveti na bei yake kila mtu anaijua. Bei ya daktari haijabandikwa popote.

Basi itazame chupa yenyewe ikifanya kazi. Anaipasha kwanza kwenye maji ya uvuguvugu. Anautafuta mshipa wa shingo kwa mwanga wa simu, anachoma, kisha anaiacha dawa iingie taratibu, dakika kumi au zaidi, stetoskopu ikiwa masikioni. Mapigo yakianza kuyumba, anaubana mpira wa dawa, anangoja. Dawa ikiingia kwa pupa, moyo wa ng'ombe huweza kusimama. Mambo yakienda vizuri, misuli hutetemeka, pua hupata umande, mnyama anabeua, anakunya, anajiinua.

Kwenye risiti, kazi yote hiyo huwa neno moja: matibabu.

Mfugaji asiyejua gharama hukisia, na hofu hukisia juu. Hapo ndipo wengine hununua chupa na kuimimina wenyewe mshipani. Daktari huyu amewahi kufika akamkuta ng'ombe ameshakufa, sindano ingali shingoni.

Siku hizi, kabla hajawasha pikipiki, hutaja kila kitu simuni: ada ya usiku, mafuta, dawa, na nyongeza ikihitajika chupa ya pili. Ni maneno mazito kwa mtu aliyeamshwa saa nane za usiku, lakini anaamua akijua. Na ng'ombe akifa mikononi mwa daktari, mfugaji alipe nini? Kwa hilo daktari bado hana jibu.

Uingereza, Oktoba 2025, mamlaka ya ushindani ilipendekeza kliniki za wanyama wa nyumbani zilazimishwe kutangaza bei zao. Kwa mfugaji wa Kiambu, tangazo ni simu yake. Ng'ombe wako akikaribia kuzaa, mpigie daktari mchana, muulize usiku anatoza kiasi gani, na uandike.